Mvua ya Tukuyu Haishitakiwi

Mtu anayetaka kuiondoa nyumba ya kale Tukuyu hahitaji nyundo wala tingatinga. Bati moja lililofumuka linatosha. Mji huu wa Wilaya ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na msimu wake ni mrefu, tangu Novemba hadi Mei. Maji huanzia kwenye gata lililoziba majani, yakashuka ukutani, yakalainisha udongo ulioshika matofali. Kenchi huoza pale zinapolala juu ya ukuta, mchwa wakafuata, na baada ya misimu michache paa linainama upande. Hapo mwenye nyumba huenda halmashauri kuomba kibali cha kubomoa. Anachosema ni kweli tupu: jengo limekuwa hatari kwa wapita njia.

Hakuna aliyevunja kitu, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Huo ndio ujanja wa kubomoa kwa kutelekeza.

Wilaya hii ina mengi ya kupoteza kwa njia hiyo. Tukuyu ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani yaliyoitwa Neu Langenburg, baada ya kuhamishwa kutoka Langenburg ya zamani, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mji ulipigwa na matetemeko ya ardhi mwaka 1910 na tena 1919, lakini boma la Wajerumani lilibaki na likaendelea kutumika kwa kazi za serikali. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wamoravian wakajenga kituo cha Rungwe, chini ya mlima wa jina hilo, na Waberlin wakafungua vituo vyao, kikiwemo Manow, ambayo leo iko upande wa Halmashauri ya Busokelo. Huko Masoko, kando ya ziwa la Kisiba lililo ndani ya kreta, lipo jengo la mawe lililokuwa la jeshi la Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha likawa mahakama.

Wapo wanaouliza kwa nini Mtanzania ahangaike na nyumba za mkoloni. Swali ni halali. Lakini udongo wa matofali hayo ulikandwa na watu wa hapa, mbao zikapasuliwa na watu wa hapa, na mizigo ikapandishwa milimani kwa vichwa vyao. Mahakama, shule na makanisa hayo ndimo babu na bibi za watu wa leo walimohukumiwa, walimofundishwa na kufungishwa ndoa. Majengo hayo ni ushahidi wa kilichotendeka, pamoja na mabaya yake, na ushahidi hautupwi kwa sababu unauma.

Sheria ya taifa ipo, ila inapofika Rungwe inakuta pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hesabu hiyo inafaa Kilwa na magofu mengine ya pwani. Kwa Rungwe, ambako misheni za kwanza zilianza mwaka 1891, haigusi boma, wala Masoko, wala nyumba yoyote ya misheni. Jengo la baada ya 1863 hupata ulinzi huo pale tu Waziri anapolitangaza, moja baada ya jingine. Nyumba ya kawaida ya vyumba vinne yenye baraza na vigae vya zamani itasubiri sana zamu yake.

Ndipo sheria ndogo zinapokuwa na maana. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa eneo lake. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni, Baraza la Madiwani huipitisha, kisha huhitaji ridhaa ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kijiji nacho kinaweza kutunga ya kwake na kuipeleka halmashauri ikaidhinishwe. Halmashauri zimezoea kutumia uwezo huu kwa ushuru na usafi wa mazingira. Anayeweza kumtoza mtu faini kwa takataka mbele ya duka lake anaweza pia kumwamuru azibue gata.

Je, kumlazimisha mtu atumie fedha zake kwenye nyumba yake si kumnyang'anya haki? Hoja hiyo ilifika mahakamani New Orleans, Marekani, ambako mwenye nyumba katika mtaa wa kale wa Vieux Carré alipinga masharti ya mji. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa iliupa mji ushindi: wajibu wa kutunza jengo ulihesabiwa kama masharti mengine ya ujenzi na usalama, ambayo nayo humgharimu mwenye mali. Uingereza imekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 1990 inairuhusu halmashauri kutoa notisi ya siku saba, kufanya matengenezo ya dharura yenyewe, kisha kumdai mwenye jengo gharama. Na aliyeacha jengo lioze makusudi ili apate kisingizio cha kulibomoa anaweza kutwaliwa jengo hilo kwa fidia ndogo, isiyohesabu faida ya jengo jipya aliloliota. Kifungu hicho kinakata mzizi wenyewe, kwa sababu kinaondoa faida ya kungoja mvua.

Karibu na nyumbani, Lamu ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, miaka 15 kabla ya UNESCO kuiingiza katika Urithi wa Dunia. Zanzibar, yenye mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, inatoa somo chungu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Jumba hilo ni mali ya serikali. Kwa hiyo sheria ndogo ya Rungwe ikiandikwa, imbane mwenye boma sawasawa na mwenye nyumba ya mtaani.

Itofautishe pia asiyetaka na asiyeweza. Mjane anayeishi chini ya paa linalovuja si sawa na mwenye kiwanja cha barabara kuu ya Mbeya–Kyela anayesubiri ukuta udondoke ili ajenge maduka. Wa kwanza anahitaji nafuu ya ada, fundi na mabati. Notisi ni ya wa pili. Kuna pia nyumba za urithi zenye warithi kumi walioko Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, ambao kila mmoja anangoja mwenzake atoe fedha. Hapo sheria ndogo iwatake wataje mtu mmoja wa kupokea notisi.

Zipo nyumba ambazo hakuna gata litakaloziokoa. Nyumba za mianzi za Wanyakyusa, zilizomvutia mwanaanthropolojia Monica Wilson aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1930, hazikujengwa ili zidumu karne. Vijana walijenga vijiji vyao wenyewe, na ufundi ukapita mikononi. Kwa hizo, kinachotelekezwa ni mafundi. Kijiji kinaweza kuwatambua na kuwapa vijana wa kufundisha kabla hawajaondoka.

Kwa nyumba za matofali, kazi inaanza na orodha. Afisa mipango miji, mtendaji wa kata na mzee anayejua nani alijenga nini wanaweza kupita kiangazi kimoja, Tukuyu hadi Masoko, wakiandika hali ya kila paa na kupiga picha. Jengo lenye picha ya Agosti, paa likiwa zima, haliwezi Mei inayofuata kudaiwa kuwa lilikuwa gofu tangu zamani.