Makosa ya Kiingereza: yapi yanaudhi tu, na yapi yanaweza kukutoa pesa

Fomu ya mkopo, ujumbe wa kampuni ya simu, barua ya kuitwa kwenye usaili, mkataba wa kuuza mazao. Mengi ya haya hufika kijijini yakiwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo anayetuma na anayepokea wote huzungumza Kiswahili nyumbani kwao.

Na kila mtu anajua kinachompata anayekosea Kiingereza mbele ya watu: huchekwa. Ndiyo maana wengi hunyamaza. Mtu anapewa karatasi, haelewi sentensi moja, anaona aibu kuuliza, anatia sahihi. Aibu hiyo ndiyo hugharimu zaidi kuliko kosa lenyewe.

Makala hii inatenganisha makosa ya aina mbili. Kuna yanayobadilisha maana: nani anadaiwa, kiasi gani na lini. Hayo yafaa kuyajua. Halafu kuna yanayowakera watu tu bila kumpotosha yeyote. Hayo usikose usingizi kwa ajili yake.

Neno moja kwenye fomu ya mdhamini

Kenya utasikia mtu akisema: "I have called you severally." Anamaanisha amekupigia simu mara nyingi. Walimu wa Kiingereza hukerwa sana na matumizi haya, kwa kuwa neno "severally" halina maana ya mara nyingi. Maana yake ni "mmoja mmoja", yaani kila mtu peke yake.

Katika mazungumzo ya simu, kosa hili halina hasara. Aliyepigiwa ameelewa. Lakini neno hilohilo limo katika fomu nyingi za kumdhamini mtu mkopo, katika maneno haya: "jointly and severally". Hapo kutolijua kunaweza kukuondolea ng'ombe zizini.

Tuchukue mfano. Watu wanne wamemdhamini mwenzao mkopo wa shilingi 200,000. Mkopaji anashindwa kulipa hata shilingi moja. Kila mdhamini anawaza moyoni: tuko wanne, fungu langu ni 50,000. Ikiwa fomu imeandikwa "jointly and severally", sivyo. Maana yake ni kwamba wote wanadaiwa kwa pamoja, na pia kila mmoja anadaiwa deni lote peke yake. Mdai anaweza kuwaacha watatu na kumfuata mmoja kwa zile 200,000 zote, pamoja na riba kama mkataba unasema hivyo. Huyo aliyelipa ndiye atakayehangaika kuwatafuta wenzake wamrudishie mafungu yao.

Na mdai akiwa na uhuru wa kuchagua, hatakuwa na sababu ya kuanza na asiye na kitu. Ataanza na mwenye mshahara, mwenye akiba au mwenye shamba.

Kwa hiyo kabla ya kumdhamini mtu, uliza kwa Kiswahili: "Wenzangu wasipolipa, mimi nitadaiwa kiasi gani?" Usitie sahihi mpaka ujibiwe kwa tarakimu.

Nani alimkopa nani?

Kosa lingine linalowachekesha watu ni "borrow me 500", mtu anapotaka kusema "nikopeshe 500". Kiingereza kina maneno mawili tofauti kabisa hapa. "Borrow" ni kukopa, na "lend" ni kukopesha. Kwetu ni kitenzi kimoja kinachobadilika mwisho tu, kopa na kopesha, na neno azima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Si ajabu basi mtu kuchanganya.

Kwa mdomo, hakuna atakayepotea. Kwa maandishi ni hadithi nyingine. Mtu akiandika "I borrowed Juma 20,000", msomaji mmoja ataelewa kwamba Juma ndiye mdaiwa, na mwingine ataelewa kwamba Juma ndiye mdai. Miaka miwili baadaye, mkifikishana mbele ya wazee, karatasi hiyo haisaidii mtu.

Dawa yake ni rahisi. Makubaliano kati ya watu wawili wanaojua Kiswahili yaandikwe kwa Kiswahili: fulani amemkopesha fulani shilingi kadhaa, naye atazirudisha tarehe fulani. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Hakuna haja ya kuona haya.

Saa, siku na wiki

Makosa ya wakati ndiyo huwakosesha watu usaili na miadi ya hospitali. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Kiingereza kinahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Kwa hiyo tofauti ni saa sita daima.

Ujumbe ukisema "3 p.m.", hiyo ni saa tisa alasiri. Ukisema "9 a.m.", ni saa tatu asubuhi. Zinazochanganya zaidi ni mbili: "12 p.m." ni saa sita mchana, na "12 a.m." ni saa sita usiku. Hata wazungumzaji wa Kiingereza tangu utotoni hukosana kwa hizi mbili, na ndiyo sababu baadhi ya kampuni huandika "11:59 p.m." badala ya "12 a.m.". Kifurushi cha simu kikiandikwa kwamba kinaisha "midnight", ni saa sita usiku. Ukiwa na shaka ni usiku wa siku gani, chukua ulio wa mapema.

Kisha kuna neno dogo "by". Ukiambiwa "pay by Friday", si kwamba ulipe siku ya Ijumaa. Unatakiwa uwe umelipa ifikapo Ijumaa. Ukilipa Jumatano ni sawa, ukilipa Jumamosi umechelewa.

Na yapo maneno ambayo hata kamusi za Kiingereza zenyewe zinakubali kwamba yana maana mbili. "Biweekly" inaweza kuwa mara mbili kwa wiki au mara moja kila wiki mbili. "Bimonthly" vilevile: mara mbili kwa mwezi, au kila miezi miwili. Mkataba wa kazi ukisema utalipwa "bimonthly", hilo si la kubahatisha. Omba waandike tarehe zenyewe.

Mkato mmoja, dola milioni 5

Mtu anaweza kudhani alama ndogo kama mkato haina uzito wowote. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, katika jimbo la Maine nchini Marekani, wanajua kwamba inao.

Sheria ya jimbo hilo ilisema wafanyakazi wa kazi fulani za vyakula vinavyoharibika hawalipwi malipo ya ziada kwa saa za ziada. Ikazitaja kazi hizo kwa kuzipanga moja baada ya nyingine na kuzitenganisha kwa mkato. Mwishoni mwa orodha iliandikwa "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or".

Kampuni ilisema hizo ni kazi mbili: kufungasha, na kusambaza. Madereva husambaza, kwa hiyo hawana haki ya malipo ya ziada. Madereva nao wakasema ni kazi moja tu: kufungasha, kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza. Wao hawafungashi kitu, wanaendesha magari. Kama sheria ilitaka kuwataja, mbona haina mkato wa kutenganisha?

Machi 2017 mahakama ya rufaa ilisema kwamba maneno hayo hayako wazi, ikayasoma kwa namna inayowapendelea madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kumaliza kesi kwa kulipa dola milioni 5. Watunga sheria ile walikuwa watu waliozaliwa na Kiingereza, na bado mkato mmoja uliwaponyoka.

Yanayoudhi tu

Sasa tuje kwenye makosa yanayozungumzwa zaidi, ingawa madhara yake ni madogo.

Yanayoongoza ni "your" na "you're". La kwanza ni "yako", la pili ni kifupi cha "you are". Hutamkwa karibu sawa, kwa hiyo Waingereza na Wamarekani wenyewe huyachanganya kila siku. Wapo pia wanaoandika "could of" badala ya "could have", kwa sababu sikio husikia hivyo. Kosa hili la mwisho ni la wenye lugha zaidi kuliko letu. Sisi tulijifunza Kiingereza ubaoni, tukaliona neno kabla ya kulisikia.

Jingine ni "its" na "it's". Hapa tatizo ni ritifaa, ile alama ndogo ya juu tunayoiandika katika ng'ombe. "It's" ni kifupi cha "it is", na "its" ni "yake". Kinachowapotosha watu ni kwamba kwingineko Kiingereza hutumia ritifaa kuonyesha umiliki, kama "John's house", nyumba ya John. Mwandishi wa habari mstaafu wa Uingereza, John Richards, alikerwa na ritifaa zilizowekwa ovyo hadi akaanzisha chama cha kuzilinda mwaka 2001. Mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alitangaza kukifunga, akisema uvivu na ujinga vimeshinda.

Halafu kuna "less" na "fewer". Hili Mswahili atalielewa upesi, kwa kuwa sisi husema maji kidogo lakini watu wachache. Ukisema "watu kidogo" utakosolewa. Nchini Uingereza, maduka ya Tesco yalilalamikiwa kwa kibao kilichoandikwa "10 items or less", na mwaka 2008 yakaamua kuandika "up to 10 items" ili ugomvi uishe. Lakini hakuna mnunuzi aliyewahi kukosa kukielewa kibao cha kwanza. Aliyeanzisha sharti hilo, Robert Baker, aliliandika mwaka 1770 kama pendekezo lake mwenyewe. Baadaye watu wakaligeuza sheria.

Ndivyo ilivyo kwa masharti mengine kadhaa. Kukatazwa kumaliza sentensi kwa maneno kama "with" au "for" kulipata nguvu baada ya mshairi John Dryden kulalamika mwaka 1672. Waingereza waliendelea kusema walivyokuwa wakisema, na bado wanasema hivyo.

Yetu ya huku nayo yapo. Tunasema "advices", "informations" na "equipments", ilhali Kiingereza hakiyapi maneno hayo wingi. Vifaa kwetu ni wingi, kwa hiyo mtu anaongeza "s" bila kufikiri. Tunachanganya "he" na "she" kwa kuwa yeye wetu habagui mwanamume na mwanamke. Ukikosea hapa, omba radhi kwa uliyemtaja, kisha endelea na habari yako.

Kwa nini watu hukasirika?

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Julie Boland na Robin Queen, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2016. Waliwapa watu 83 barua fupi za watu wanaoomba kuishi nao nyumba moja. Baadhi ya barua zilikuwa na makosa. Kwa jumla, walioandika kwa makosa walipewa alama za chini.

Lakini waliokerwa zaidi na makosa ya sarufi walikuwa wale ambao ni wagumu kupatana na wenzao. Kwa maneno mengine, hasira ya msomaji ilieleza pia tabia ya msomaji.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Yuko anayesikia "kitabu changu imepotea" akakusaidia kukitafuta, na yuko atakayekusahihisha kwanza huku kitabu kikiendelea kupotea.

Hata hivyo utafiti huo unatufundisha pia kwamba barua yenye makosa hukushushia alama. Barua ya kuomba kazi isitumwe kabla ya mtu wa pili kuisoma.

Ukumbuke haya

Karatasi yoyote yenye pesa, tarehe au sahihi, iulizie hadi uelewe. Ukiona "jointly and severally", uliza utadaiwa kiasi gani. Ukiona "biweekly" au "bimonthly", omba tarehe. Ukiona "a.m." au "p.m.", ibadilishe iwe saa ya Kiswahili na uirudie kwa sauti kwa aliyekuita.

Mkiandikiana deni na jirani, andikeni kwa lugha mnayoielewa wote wawili, na kila mmoja abaki na nakala.

Na mtu akikucheka kwa kusema "informations", mwache acheke. Kama alielewa ulichouliza, mwambie sasa ajibu.