Jogoo alivyoshuka vifuani akabaki katika ngao

RAIS mstaafu Daniel arap Moi, aliyezikwa nyumbani kwake Kabarak, Rongai, Februari 12, 2020, aliiongoza Kenya kwa miaka 24 chini ya alama ya jogoo wa KANU. Maana ya alama hiyo, hata hivyo, imebadilika mara kadhaa.

Chama kilipoundwa mwaka 1960, jogoo aliashiria mapambazuko: usiku wa ukoloni ulikuwa ukiisha. Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963, aliingia pia katika nembo ya taifa, ameshika shoka ndani ya ngao inayoshikiliwa na simba wawili.

Katiba iliporekebishwa mwaka 1982 na KANU kuwa chama pekee halali, beji ya jogoo kifuani ikawa ishara ya utiifu. Vyama vingi viliporejeshwa Desemba 1991, wafuasi wa FORD waliinua vidole viwili kukijibu kidole kimoja cha KANU. Jogoo akawa alama mojawapo tu katika karatasi ya kura, na mwaka 2002 NARC ikambwaga.

Lakini hakutoweka. Katiba ya 2010 ilipiga marufuku picha za watu katika sarafu na noti. Sarafu mpya za 2018 zikabeba wanyamapori upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili.

Hivyo sura za marais ziliondoka, jogoo akasalia. Katika ngao hiyo yeye ni wa kila Mkenya, hata ambaye hakuwahi kuipigia KANU kura.