Si Kila Kikohozi Sugu ni Kifua Kikuu

Mgonjwa akimaliza dawa za kifua kikuu na bado anakohoa, majirani husema hakumeza vidonge. Huenda anaonewa. Wapo bakteria walio jamaa na wale wa kifua kikuu, waishio kwenye maji na udongo, ambao huweza kushambulia mapafu, hasa yenye makovu ya kifua kikuu cha zamani. Ugonjwa huu ni nadra, na kwa kawaida hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu.

Kwenye hadubini bakteria hao hufanana na wa kifua kikuu. Hadubini ikiwaona lakini kipimo cha GeneXpert kisione kifua kikuu, makohozi yapelekwe maabara kubwa yakaoteshwe. Kundi linalopatikana zaidi, MAC, hutibiwa kwa azithromaisini, rifampisini na ethambutoli kwa pamoja, hadi miezi 12 ipite tangu makohozi yawe safi. Kifua kikuu kwa kawaida hutibiwa miezi 6.

Tunaziomba kamati za parokia zisimlaumu mgonjwa, bali zimsindikize hospitali ya rufaa. Nauli na chakula kwa zaidi ya mwaka mmoja ndipo msaada wa wafadhili unapohitajika.