Gemu Za Kujenga Na Kulima Katika Mashine Ya Mkononi: Zipi Zinafaa Kuingia Nyumbani?

 

Kila skuli zinapofungwa na jamaa wakaja likizo kutoka Muscat, Dubai au London, swali hili hurudi. Mjomba kaja na Nintendo Switch ndani ya begi, watoto hawalali kwa furaha, na baba na mama hawajui waseme nini. Wapo wazee wanaoifungia kabatini siku hiyo hiyo. Wapo wanaomkabidhi mtoto na wasiulize tena mpaka ripoti ya skuli itoke. Ya kwanza tunaifahamu, na mzazi ana haki nayo. Lakini mara nyingi mtoto aliyenyimwa nyumbani huishia kwenye banda la gemu mtaani, na huko mchezo mkubwa ni mpira wa kulipiana: anayefungwa ndiye anayelipia zamu ya wote wawili. Hiyo ni sura ya kamari, na Suratul-Maaidah, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi. Basi ni bora mzazi ajue nini hasa kimo ndani ya mashine hii kabla hajaamua.

Tutazungumzia aina moja tu ya gemu, kwa sababu ndiyo inayoombwa zaidi na watoto wadogo na ndiyo inayosifiwa na wanaoziuza kuwa haina ubaya wowote. Kwa Kiingereza wameziita kwa jina la sanduku la mchanga. Ni mfano wa mtoto aliyeachwa pwani na kifuu na mchanga wake: hakuna anayemwambia ajenge nini, hakuna mwisho, hakuna kushinda wala kushindwa. Anajenga, analima, anavua, anabomoa, anaanza tena.

Asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Na mchezo kwa mtoto una asili katika Sunnah. Mama yetu 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) alikuwa na watoto wa bandia, na miongoni mwao farasi mwenye mabawa mawili. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipomuuliza habari ya farasi huyo na kusikia jibu lake, alicheka. Hadiyth hii ipo katika Sunan Abiy Daawuud. 'Ulamaa wengi, hata walio wakali katika suala la picha na masanamu, wamechukua humo ruhusa ya vitu vya kuchezea watoto. Wapo waliozuia, na anayefuata kauli yao hatuna ugomvi naye.

Kwa hiyo hatuiulizi gemu kama ina picha. Tunauliza mambo mawili. Mtoto anafanya nini kwa mkono wake ndani ya mchezo: anaabudu, anapiga ramli, anatengeneza ulevi, anacheza kamari? Na nje ya mchezo, unamchukulia nini: Swalah yake, pesa za mzazi, usingizi wake?

Tuanze na Minecraft, kwani ndiyo mashuhuri kuliko zote. Imetengenezwa Sweden na Mojang, ikatoka rasmi mwaka 2011, na mwaka 2014 Microsoft wakainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 2.5. Dunia yake yote ni matofali. Mtoto anakata mti, anachimba jiwe, anajenga. Ina hali mbili kubwa. Katika Survival lazima atafute chakula na ajikinge na mazimwi yanayotoka usiku. Katika Creative anapewa kila aina ya tofali bila hesabu na hakuna anayemdhuru. Pia upo ugumu ulioandikwa Peaceful, ambao huondoa mazimwi. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi sisi tunapendekeza Creative pamoja na Peaceful, basi.

Ndani ya Survival kuna meza ya kutilia silaha nguvu za kichawi, kuna kupika dawa za ajabu, na kuna ulimwengu wa moto wa kuingia na kutoka. Hatusemi mtoto anayebonyeza vitufe hivyo amefanya sihri. Sihri ina uhakika wake na mchezo una wake. Ila mtoto wa miaka saba hajaweza kutenga, na hatupendi kitu ambacho Qur-aan imekitaja kuwa ni kufuru kimzoee kama chumvi ya jikoni. Akikua, akafundishwa chuoni sihri ni nini na hukumu yake, mazungumzo yatakuwa mengine.

Wazazi wengi huuliza kuhusu nguruwe, maana wamo na wanaliwa. Hakuna dhambi katika kula kwa picha. Lakini mna kuku, kondoo, ng'ombe, samaki, mkate na tikiti, na tumeona watoto wenyewe wakimkimbia nguruwe kwa hiari yao na kucheka. Waacheni wacheke.

Kheri ya Minecraft ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilishirikiana na Mojang katika mradi wa Block by Block, ambapo wakaazi wa mitaa huchora viwanja vyao vya wazi kwa gemu hii. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Vijana waliokuwa hawajui kusoma ramani ya mhandisi waliweza kuonyesha wanataka njia ipite wapi na ukuta ukae wapi. Mtoto wako anaweza kuambiwa ajenge msikiti wa mtaani kwenu: ahesabu nguzo, apime safu, na ajue kibla kiko upande gani. Hiyo ni hesabu na ni adabu kwa pamoja.

Muziki wake unaweza kuzimwa peke yake kwenye mpangilio wa sauti, na milio ya maji na wanyama ikabaki. Nyumba zinazojiepusha na ala za muziki zifanye hivyo siku ya kwanza.

Animal Crossing: New Horizons ilitoka Machi 2020, wakati watu wengi duniani wamefungiwa majumbani. Mtoto anahamia kisiwa kitupu, anavua samaki, anapanda maua, anajenga nyumba, na majirani zake ni wanyama wanaosema. Hakuna damu, hakuna silaha, hakuna matusi. Watoto wa visiwani huipenda upesi, na hatushangai. Lakini hii ndiyo tunayotaka mzazi aikae nayo chini, kwa sababu ubaya wake umevaa nguo nzuri.

La kwanza ni riba. Mwenye duka anamkopesha mchezaji nyumba bila nyongeza na bila muda wa kulipa, na mkopo kama huo ungekuwa mwema hata katika dunia ya kweli. Lakini akiba inayowekwa kwenye mashine ya pesa huongezewa faida kila mwezi. Mwezi Aprili 2020 kampuni ilishusha kiwango chake, na habari hiyo ikaandikwa hata na magazeti ya uchumi. Pesa hizo si mali, na kwa hivyo hatusemi mtoto amekula riba. Tunasema hii ni fursa. Mwonyeshe tofauti ya mkopo na ile nyongeza, mwambie asiweke akiba humo, na muulize kwa nini. Mtoto atakayeelewa riba kwa mfano huo hatadanganywa kirahisi na mkopo wa simu atakapokuwa na miaka ishirini.

La pili ni mpiga ramli. Tangu nyongeza ya Novemba 2021, kwenye kisiwa cha Harv yupo Katrina, ambaye hulipwa ili atabiri bahati ya mchezaji. Hapa hatulegezi. Imepokewa katika Swahiyh Muslim onyo la kutokubaliwa Swalah ya siku arubaini kwa anayemwendea mtabiri na kumuuliza. Mchezo si kumwendea kwa kweli, lakini hakuna haja yoyote ya mtoto kuzoea mlango huo, na gemu haimlazimishi. Aambiwe asimkaribie.

Yapo mengine madogo: jumba la makumbusho linakusanya michoro na masanamu mashuhuri ya Ulaya, na baadhi yake ni uchi, zipo sikukuu zisizo zetu, kama ile ya tarehe 24 Disemba, na Jumamosi kuna mbwa anayepiga gitaa. Yote yanaweza kupitwa.

Na jambo moja la kuepusha ugomvi wa ndugu: mashine moja ina kisiwa kimoja tu. Watoto wanne watakaa kisiwa hicho hicho, na wa kwanza kuanza ndiye mwenye mamlaka makubwa. Amueni mapema nani aanze. Tunaona ni haki awe yule mwenye subira, si lazima mkubwa.

Stardew Valley imetengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone wa Marekani, na ikafika kwenye Switch Oktoba 2017. Ni kilimo, ufugaji na uvuvi, na kwa mtu mzima ina mafunzo mengi ya subira. Kwa mtoto hatuipendekezi. Humo mna mapipa ya kugeuza matunda kuwa mvinyo, na mvinyo ni katika biashara zinazolipa zaidi shambani. Ipo baa ambayo kijiji kizima hukutana usiku. Ipo nyumba ya kamari jangwani. Ipo dini ya kubuni yenye madhabahu yake. Na upo uchumba na ndoa, hata ya mwanamume kwa mwanamume. Mtu atasema mtoto anaweza kulima tu na kuyaacha hayo. Pengine, lakini ndiyo yaliyojaza kijiji.

Terraria hukaa rafu moja na Minecraft na hufanana nayo kwa mbali. Mazimwi na damu ni nyingi, na ili kumwita zimwi mmoja mkubwa, mchezaji hutupa kisanamu cha kichawi cha mwenzake ndani ya moto ili mwenzake huyo afe. Hiyo hatuitaki nyumbani. Na Zelda, ambayo wauzaji huichanganya humu kwa kuwa nayo ni dunia ya wazi, humtaka shujaa wake aende mbele ya sanamu la mungu wa kike na kumwomba amzidishie nguvu. Hatuna la kuongeza hapo.

Kwa wadogo kabisa ipo Townscaper, iliyofika kwenye Switch mwaka 2021. Ni bahari tupu. Ukigusa, nyumba ya rangi inaota juu ya maji, ukigusa tena inapanda ghorofa, na ndege wanakuja kutua juu ya paa. Hamna watu, hamna pesa, hamna adui. Mtoto atajenga Mji Mkongwe wake kwa nusu saa na atachoka, na kuchoka huko ni sifa.

Sasa mashine yenyewe. Kama hamjanunua, msinunue Switch Lite kwa sababu ya bei. Haiungi kwenye TV, maana yake mtoto ataishika peke yake chumbani chini ya shuka. Ya kawaida huwekwa sebuleni mbele ya kila mtu. Nunueni kadi badala ya kupakua: haili bando kubwa, binamu wanaazimana, na likiwachosha mnaliuza. Msilipie uanachama wa mtandao wa Nintendo. Bila huo mtoto hachezi Minecraft na asiowajua, lakini bado anaweza kucheza na ndugu yake aliye karibu.

Ipo programu ya bure ya wazazi kwa ajili ya simu. Inaweka muda wa kila siku na saa ya kulala, na inakuonyesha alichocheza. Muda ukiisha, kwa kawaida hutoa taarifa tu; lazima uiwashe ile sehemu inayosimamisha mchezo. Na muda huo ni wa mashine nzima, si wa kila mtoto, kwa hiyo zamu mtazipanga nyinyi.

Programu hiyo haiijui adhana. Mtoto atasema, "Ngoja mama, nikiacha sasa itapotea." Si kweli. Ukibonyeza kitufe cha kuzimia mara moja kwa muda mfupi, mashine inalala na mchezo unabaki pale pale, hata katika Stardew Valley ambayo haihifadhi mpaka siku ya mchezoni iishe. Mfundisheni kitufe hicho kabla ya kumfundisha vingine. Tumeamrishwa kuwaamrisha watoto Swalah wakifika miaka saba, na mtoto wa umri huo anaweza kabisa kuilaza mashine mwenyewe mu-adhini anapoanza, akaenda kutia udhu, akarudi akaikuta nyumba yake ya matofali imesimama alipoiacha.

Na Allaah Anajua zaidi.