Rangi ya Taa na Usingizi wa Dereva

Gari liendalo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi katika kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde tatu tu, gari huwa limekwenda zaidi ya mita 60 bila mtu wa kuliongoza. Kwa hiyo wataalamu wamechunguza kama rangi ya mwanga yaweza kumsaidia dereva kukesha.

Jibu laanzia katika jicho. Kwenye utando wa nyuma wa jicho mna seli za namna mbili zilizojulikana tangu karne ya 19: zenye umbo la pia, zitumikazo mchana na kutambua rangi, na zenye umbo la fito, zitumikazo gizani. Mnamo mwaka 2002 wanasayansi walieleza namna ya tatu. Seli hizo ni chache, na kazi yake kubwa si kuona, bali kuuarifu ubongo kama ni usiku au mchana. Mwanga uziamshao zaidi ni wa buluu, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 480 hivi. Zikiamshwa, mwili hupunguza utoaji wa melatonini, homoni inayouandaa kwa usingizi, na mtu huchangamka.

Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa katika barabara kuu. Madereva wanaume 48 waliendesha kilomita 400 usiku wa manane, katika safari tatu mbalimbali: moja wakimulikwa na taa ya buluu ndani ya gari, moja wakinywa kahawa, na moja wakinywa kahawa iliyoondolewa kafeini. Walipokunywa hiyo isiyo na kafeini walivuka mistari ya barabara isivyopasa mara 26 kwa wastani. Kwa taa ya buluu mara 15, na kwa kahawa halisi mara 13. Hata hivyo, wanane walilalamika kuwa taa hiyo iliwatia kiwi, nao wakaondolewa katika hesabu.

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Gizani, mwanga wenye buluu nyingi huyaudhi macho kuliko wa manjano wenye nguvu ile ile. Ufaransa hiyo hiyo iliagiza mwaka 1936 kwamba taa za mbele za magari ziwe za manjano, ili madereva wanaopishana wasitiane kiwi; magari mapya yalianza kufungwa taa nyeupe mwaka 1993, kulingana na kanuni za Ulaya. (Imani kwamba manjano hupenya ukungu haina msingi: matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa.)

Taa nyingi nyeupe za LED hutengenezwa kwa kiini kitoacho mwanga wa buluu, kilichofunikwa kwa unga ugeuzao sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano. Ndiyo maana baadhi yake huwa na weupe wa kibuluu. Dereva apishanaye nazo haondolewi usingizi, kwani seli za namna ya tatu huhitaji kumulikwa kwa muda mrefu, si kwa sekunde chache. Akipatacho ni kiwi tu, na kama ni mzee, macho yake huchelewa kuliko ya kijana kuiona tena barabara.