Kupunguza kilo na kuzilinda: kazi ya nyumba nzima



Katika miji yetu ya mugodi, tangu Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, tumbo kubwa linaheshimiwa. Mwanaume akinenepa, watu wanasema bibi yake anamupikia vizuri. Akikonda, wanaulizana pembeni: "Huyu iko na magonjwa gani?" Basi mtu ambaye munganga amemwambia apunguze kilo, juu ya tension ao ugonjwa wa sukari, anapigana vita mbili: moja na sahani yake, ingine na midomo ya watu.

Kazi nayo imebadilika. Anayepiga chepe siku nzima anachoma chakula chake. Anayeendesha kamyo ya madini, ao anayelinda mlango wa kampuni, anakaa saa nyingi juu ya kiti. Lakini kipimo cha bukari kimebaki kile kile.

MWILI HAUSAHAU

Wengi wanajua kupunguza. Wanaacha kula mangaribi, ao wanakunywa dawa za kuharisha za sokoni. Zile dawa zinatoa maji kuliko mafuta, na zinaweza kuharibu mwili. Kiisha miezi michache kilo zinarudia, mara ingine na nyongeza. Watu wanasema: "Hana roho ya kujizuia." Si hivyo tu.

Mwaka 1944 na 1945, kule Minnesota, Marekani, wanaume 36 walijitolea kula karibu nusu ya chakula chao kwa miezi 6. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Walipofunguliwa kula, wengine walisikia njaa hata tumbo likiwa limejaa. Mwaka 2011 waganga wa Melbourne, Australia, walieleza jambo kama hilo: watu waliopunguza kilo nyingi kwa juma 10 walipimwa tena kiisha mwaka mmoja, na damu yao ilikuwa ingali inaita njaa kuliko mbele.

Njo maana, kilo zikishuka, mwili unafikiri njaa imeingia katika inchi. Unaomba chakula zaidi na unatumia nguvu kwa choyo. Anayejua hivi hashangai wala hajidharau. Anajitayarisha kwa safari ndefu.

WALE WALIOLINDA

Tangu mwaka 1994, Rena Wing na James Hill wa Marekani walianza kuandikisha watu waliopunguza karibu kilo 14 ao zaidi na kuzilinda mwaka mzima ao kupita. Zaidi ya watu 10.000 wamejiandikisha. Njia zao za kupunguza hazikuwa moja, lakini katika kulinda wengi wanafanana: wanakula asubuhi, wanatembea karibu saa moja kila siku, wanajipima kilo kila juma. Tena, waliolinda miaka 2 mpaka 5 waliendelea vizuri kuliko wale wa mwanzo. Mzigo unakuwa mwepesi.

Na si lazima kukonda sana. Mwaka 2002 Marekani ilitangaza matokeo ya kazi kati ya watu 3.234 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Waliofundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma, ugonjwa ulipungua kwao kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 100, ni kilo 7 tu!

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mama, usimupikie mtu huyu sufuria yake peke yake. Atachoka, na watoto watamuchekelea. Wote wabadilike:

– Bukari ipungue, mboga zizidi: sombe, lengalenga, maharagi.
– Mafuta yapimwe kwa kijiko, si kumwanga kwa chupa. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 120.
– Sukre ibaki kwa siku ya feti. Chupa ndogo moja ina karibu gramu 35 za sukari, ni kusema vijiko vidogo 8.
– Baba na mama watembee pamoja mangaribi. Vijana wawasindikize.
– Kilo 2 zikirudia, mrekebishe juma lile lile. Musingoje zifike 10.

Anayekunywa dawa za sukari ao za tension aongee kwanza na munganga. Mama mwenye mimba na watoto wasifungiwe chakula. Na anayekonda bila kutafuta akimbie lopitali, sababu inaweza kuwa kifua kikuu ao ugonjwa mwingine.

Sisi wengine tuchunge midomo. Ndugu akipungua kwa kutii munganga, tusimurudishe kwenye sahani kwa masengenyo. Tumuulize tu: "Leo tutatembea saa ngapi?"

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Kwetu, chupa ya mafuta inaisha kwa siku ngapi?
2. Nani kati yetu anakaa siku nzima bila kutembea?
3. Tumewahi kumucheka mtu aliyekonda? Tutamwambia nini sasa?