Kidole cha Mwisho

Ukiandika "Wagenia" kwenye taipureta ya Kifaransa, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kinachobeba mzigo. W iko chini pembeni, A iko juu pembeni. Kidole kile kile kinashuka, kinapanda, na mwishoni kinaitwa tena. Jina lenyewe ni la watu wa baba yangu, pale kwenye poromoko la saba na la mwisho la Boyoma, ambako mto unamaliza kuteremka karibu mita 60 katika mwendo wa kilomita 100 hivi na kuingia Kisangani.

Nilijifunza kupiga mashini, ndivyo tulivyosema, katika chumba cha mabati mjini. Mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa ili macho yasivisaidie vidole. Q S D F, J K L M, asubuhi nzima. Alipenda kutukumbusha kwamba Patrice Lumumba, kabla ya siasa, alikuwa karani wa posta katika mji huu huu, ukiitwa bado Stanleyville. Hiyo ilitosha kutukalisha wima.

Kifaransa hakikunisumbua. Herufi yake inayotumika zaidi ni E, nayo iko chini ya kidole cha kati chenye nguvu. Kiswahili ndicho kilichonitoa jasho. Hebu hesabu A zilizomo katika "walikamata samaki": sita, zote za kidole cha mwisho! Kwenye mashini yangu E ilikuwa imefutika juu ya kitufe chake, lakini W na K ziling'aa kama mpya. Mpaka leo naumia nikizikumbuka. Mashini ile ilikuwa imeandika miaka na miaka katika mji wetu, na lugha yetu ilikuwa haijaigusa.

Baba mdogo alikuwa mvuvi. Wagenia husimika magogo katikati ya miamba, huyafunga kwa kamba za msituni, kisha hutundika migono mikubwa yenye midomo mipana. Maji yenyewe ndiyo yanayomsukuma samaki ndani. Siku moja, mikono ingali imelowa, alinijia kuniomba barua kwa ndugu yake wa Kindu.

"Piga kwa Kiswahili, mwanangu. Na mimi unibakizie yangu."

Niliweka karatasi tatu na kaboni mbili katikati. Kaboni haimhurumii mtu: karatasi ya kwanza ilisomeka, ya pili ikafifia, na katika ya tatu A zangu hazikuonekana kabisa. Niliirudia barua nzima, nikikipigilia kile kidole mpaka kikauma.

Nilimpa karatasi ya juu kabisa. Hakujua kusoma. Aliigeuza, akapapasa mgongo wake, pale nyundo zilipoacha vinundu, akauliza jina letu liko wapi. Nikamshika kidole, nikakiweka hapo.